Aya ya Mto Kanjari

Gavana Lokanath Beura alikuwa akila wali wake wa asubuhi, ule unaolazwa ndani ya maji usiku kucha na kuliwa kwa kitunguu na pilipili mbichi, katibu wake Subbarao alipoingia na hotuba mkononi. Wapishi wa Ikulu ya jimbo la Talpradesh walikuwa wameshauzoea wali huo. Mwanzoni walidhani mzee anawatania, mtu mwenye mpishi wa mikate na mpishi wa nyama kuomba kiporo, lakini miaka ilikwenda na wakaona kwamba hatanii.

"Imekuja?" Beura aliuliza.

"Imekuja, Mheshimiwa. Ningeomba umalize kula kwanza."

"Mbaya kiasi hicho?"

"Kuna aya moja," Subbarao alisema, akageuka kutazama bustani ambayo alikuwa ameitazama kila siku.

Kila mwaka Bunge la jimbo linapofunguliwa, Gavana husimama mbele na kusoma hotuba. Haiandiki yeye. Mawaziri huiandika, wakaipitisha, wakamletea, naye kazi yake ni kuitoa kinywani kana kwamba ilizaliwa humo. Hasemi "serikali ya Mama Kharwar", ingawa kila mtu anajua ni ya Mama Kharwar, Waziri Kiongozi. Husema "serikali yangu". Serikali yangu imejenga, serikali yangu imegawa, serikali yangu inasikitika. Gavana ametumwa na serikali kuu ya Delhi, mawaziri wamechaguliwa na wananchi, na mara nyingi hata salamu baina yao ni za kulazimishana, lakini Katiba inataka hivyo. Beura alikuwa amezisoma hotuba za namna hiyo bila kukwama. Mwaka uliopita alisifia kwa sauti nene mradi wa ufugaji wa bata ambao mpaka leo hakuna aliyewaona hao bata.

Akafuta vidole, akavaa miwani, akasoma ile aya kimoyomoyo.

"Serikali yangu inalaani bwawa la Kandarpur, lililojengwa na majirani zetu wa Bindhyagarh kwa uchoyo na kiburi. Bwawa hilo limeunyonga Mto Kanjari. Leo mama wa Talpradesh anatembea na mtungi kichwani akitafuta maji katika mto ambao bibi yake aliuvuka kwa mtumbwi."

Beura akairudisha hotuba mezani. Bwawa la Kandarpur lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelijenga alipokuwa waziri wa umwagiliaji kule kwao Bindhyagarh, jina lake limechongwa kwenye jiwe pale mlangoni, na watu wa huko hawaliiti bwawa la Kandarpur. Wanaliita Bwawa la Beura. Na Kandarpur ndiko alikozaliwa, na ndiko alikokuwa anajiandaa kurudi, maana muda wake wa ugavana ulikuwa unakwisha baada ya miezi michache na alikuwa hataki kitu kingine duniani ila kwenda kuzeekea kando ya mfereji wake.

Akisoma maneno yale kwa kinywa chake, Kandarpur haitampokea. Hilo alilijua kabla hajavua miwani.

Kandarpur ya utoto wake ilikuwa kijiji cha mawe na mbuzi. Baba yake alikuwa mfumaji. Mama yake alikuwa mchota maji, na kazi nyingine zote za mke na mama alizifanya katikati ya safari za maji. Mvua ikichelewa alikuwa akitoka giza halijaondoka na kurudi jua limeshika, na utosini alikuwa na upara mdogo wa mviringo, mahali mtungi ulipokaa. Watoto wake wawili, Lokanath na dada yake Malati, walikuwa wakiushika upara ule kwa vidole wakicheka. Baadaye sana, alipokuwa mtu mzima anayekaa viti vya mbele, Beura aliwahi kukumbuka kicheko kile katikati ya karamu akasukuma sahani yake kando.

Alianza kwa ualimu, akaingia chama cha wafumaji, akalala rumande kidogo kwa ajili ya mgomo, akatoka akagombea ubunge akashinda. Sauti ndiyo iliyomshindia. Watu waliotembea kutoka vijiji vya mbali kuja kumtukana waliondoka wamebeba bendera yake. Akawa waziri, akapigania bwawa mpaka wenzake wakawa wanajificha wanapomwona korido, na maji yalipoingia kwenye mifereji Kandarpur ikaacha kupanda mtama wa shida ikaanza kupanda miwa. Kila alipofika nyumbani alipokewa na ngoma tangu sokoni. Hata mbuzi, Malati alikuwa akisema, walikuwa wakimpisha njia.

Kisha akazeeka. Uchaguzi wa mwisho alishindwa na kijana mmoja ambaye hotuba zake zote zilikuwa ni kupiga honi ya pikipiki. Chama kikamwonea huruma. Vyama vya huko vina njia yake ya kuwastaafisha wazee: huwapeleka kwenye Ikulu za majimbo ya watu wengine, wakavishwe mashada na kukata utepe, na kwa desturi mtu hapelekwi jimbo lake. Beura wakampeleka Talpradesh, jimbo la chini, ambako Mto Kanjari hufika ukiwa umebaki tope. Magazeti ya pande zote mbili yalicheka siku nzima. Huko Delhi aliyetia saini labda hakuwahi kuangalia ramani, au aliiangalia vizuri sana.

Basi mwanasiasa mkongwe hakimbilii kukata tamaa. Alimwalika Waziri Kiongozi kwa chai.

Indumati Kharwar alikuja mchana, sari ya pamba, tambuu shavuni, akaketi bila kungoja kuambiwa. Alikuwa binti wa mkulima wa bonde la Kanjari na hakuwahi kumsamehe mtu yeyote jambo lolote. Hilo lilikuwa limemfikisha mbali.

"Mama Kharwar," Beura alianza, "hili neno 'uchoyo'."

"Lina nini, Mheshimiwa?"

"Halina adabu."

"Kiu nayo haina."

"Weka 'bila kuwafikiria wengine'. Maana yake ni ileile."

"Kama ni ileile, tuliache hilohilo. Fupi, linatosha mdomoni."

Beura alicheka kwa kuwa hakuweza kujizuia. Ndivyo naye alivyokuwa akijibu enzi zake. "Hebu tuseme ukweli, mimi na wewe tumekula siasa. Hutaki niisome. Unataka niiruke. Nikiiruka wabunge wako watapanda juu ya meza, kesho yake mko barabarani, gavana mwizi wa maji kaziba mdomo wa wakulima, na uchaguzi ndio huo unabisha hodi."

"Lo! Mzee wangu, mawazo gani hayo?"

"Sema si kweli."

Indumati akatoa tambuu nyingine kwenye kopo lake la fedha, akaikunja polepole. "Mabango yameshachapwa," alisema.

"Na nikisoma?"

"Ukisoma, utakuwa umesoma. Utasoma kama ulivyosoma habari za bata. Nani alisikia habari za bata?" Akainuka, akanyoosha sari yake. "Ila hutasoma, Mheshimiwa. Ningekuwa mimi, nisingesoma."

Mwanawe alipiga simu jioni hiyohiyo. Niranjan alikuwa ndiye mgombea wa chama safari hii kule Kandarpur, kwenye kiti kilekile cha baba yake, na habari ya ile aya ilikuwa imeshamfikia kabla hata ya salamu.

"Baba, ruka."

"Haruki mtu hapa."

"Kohoa basi. Kunywa maji, geuza karatasi mbili kwa pamoja. Wazee hukosea, nani atakulaumu?"

"Mimi tangu nizaliwe sijageuza karatasi mbili."

"Ndiyo uanze sasa!" Niranjan alikuwa anatembea huku anaongea, pumzi zinasikika. "Baba, watu huku wanavaa picha yako kifuani. Nami nazunguka nyumba kwa nyumba nawaambia mimi ni mtoto wa bwawa. Wewe usimame mbele ya kamera useme bwawa ni uchoyo? Nitasema nini mimi?"

"Utasema Katiba."

"Katiba! Mwambie shangazi Malati Katiba, uone atakavyokutemea."

Beura alimpenda kijana wake, na alijua kwamba kijana hana sauti. Mwenye sauti angeweza kulibeba jambo lile mkutanoni akalifanya fahari. Niranjan alikuwa na picha ya baba yake tu.

Subbarao ndiye aliyeleta njia ya kutokea. Magavana wengine, alisema, wanapokuwa wagonjwa au na haraka, husoma aya ya kwanza na ya mwisho wakaketi, na Spika hutangaza kwamba hotuba yote imehesabiwa kuwa imesomwa. Si kuruka aya moja. Ni kuruka zote kwa haki sawa. "Tunamwita daktari asubuhi, Mheshimiwa, anapima presha, inakuwa juu. Presha ya Mheshimiwa kwa kweli iko juu."

Usingizi ulimpaa Beura, si kwa ubaya wa njia ile, bali kwa uzuri wake. Ingemsaidia kila mtu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Subbarao hakulijua, maana hakuwa mtu wa Bindhyagarh.

Beura alipokuwa mbunge mgeni, gavana wa kwao wakati ule, jaji mstaafu mwenye mikono laini, alisoma hotuba mpaka akafika kwenye aya ya njaa ya vijiji vya juu, akairuka. Delhi haikulipenda neno njaa. Beura alipanda juu ya meza na makubadhi yake yenye vumbi, akampigia kelele: "Rudi nyuma! Soma yote! Unalishwa usome, hulishwi uchague!" Askari wa Bunge walimvuta miguu wakamshusha, lakini jaji alikuwa ameshaogopa, akarudi nyuma akasoma. Siku hiyo ndipo jimbo zima liliposikia njaa ya Kandarpur ikitajwa na serikali kwa kinywa chake. Bwawa lilianzia juu ya meza ile. Lilianzia kwa gavana aliyelazimishwa kusoma asichotaka.

Asubuhi alimwambia Subbarao, "Daktari asije. Nitasoma yote. Ila nitaisoma aya ile kama bata."

"Kama bata, Mheshimiwa?"

"Bila chumvi. Isikike na isisikike. Kaa hapo, nisikilize."

Wakafanya mazoezi. Gavana alisimama kando ya meza ya chakula akasoma, na Subbarao, aliyezoea kusema ukweli kwa upole, akatikisa kichwa. "Bado, Mheshimiwa."

"Bado nini?"

"Bado inaamsha."

Akairudia. Akaondoa uzito kwenye "kiburi". Akaondoa pumzi kabla ya "mama". Kutwa ile na kesho yake alikuwa akinung'unika aya ile bafuni, kwenye gari, akifunga kamba za viatu, mpaka ikawa haina ladha kabisa mdomoni. Mwishowe Subbarao alipiga miayo katikati, na wote wawili wakafurahi.

Siku ya ufunguzi Beura alivaa shuka yake nyeupe na koti jeusi la kufunga shingoni, akakagua gwaride, akaingia Bungeni tarumbeta zikilia. Ukumbi ulijaa. Upande wa serikali wabunge walikuwa wamekalia mabango yao, ncha zimetokeza chini ya mapaja, na baadhi walikuwa wamevua viatu tayari kwa kupanda meza. Mama Kharwar aliketi mstari wa kwanza na uso wa mtu aliye msibani. Kamera za televisheni zilikuwa zimepangwa juu, pamoja na za stesheni mbili kutoka Bindhyagarh ambazo hazijawahi kuwa na habari na Bunge la Talpradesh.

Akasoma. Barabara, shule, chanjo za mifugo. Wabunge walisinzia kwa mujibu wa taratibu. Alipogeuza karatasi ya Kanjari ukumbi uliamka, na mabango yakaanza kusogea chini ya mapaja.

"Serikali yangu," alisoma, "inalaani bwawa la Kandarpur."

Hakuna aliyetarajia. Kwa kitambo wabunge walitazamana, mtu mmoja mguu wake mmoja tayari uko juu ya kiti. Kisha mzee mmoja nyuma, mwakilishi wa bonde, akaanza kupiga meza kwa viganja kama wanavyofanya huko wanapokubali jambo, na wengine wakamfuata, na ukumbi mzima ukatikisika.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Mazoezi yale yote yalimfanya aijue aya kwa moyo, kwa hiyo hakuhitaji tena karatasi, na macho yake yaliyozoea mikutano yakainuka yenyewe yakawatazama watu. Maisha yake yote meza zikipigwa, sauti yake ilipanda. Hakuipandisha. Ilipanda. "Lililojengwa na majirani zetu wa Bindhyagarh kwa uchoyo na kiburi," alisema, na kiburi kikarudi na uzito wake wote. Alipofika kwenye mama mwenye mtungi hakumwona mama wa Talpradesh. Alimwona mama yake, na utosi wake, na kwa dakika ile hakukuwa na juu wala chini ya mto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka. Alimaliza sentensi, wakapiga meza, na kama alivyozoea kufanya mahali watu wamewaka, akairudia.

"Leo mama wa Talpradesh," alisema mara ya pili, taratibu, "anatembea na mtungi kichwani, akitafuta maji katika mto ambao bibi yake aliuvuka kwa mtumbwi."

Yule mzee wa nyuma alikuwa analia. Beura akajiona ana furaha, furaha ile ya zamani kabisa ya jukwaani, na papo hapo akajua amefanya nini. Akaitafuta karatasi. Akasoma habari za vituo vya maziwa mpaka mwisho bila kukosea neno.

Kwenye chai ya baadaye Mama Kharwar alimfuata, sahani yake ya vitumbua haijaguswa.

"Umeniharibia, Mzee."

"Nimesoma mlichoandika."

"Tuliandika ili usisome." Alimtazama kwa muda, akashusha sauti. "Baba yangu alikufa analisubiri neno hilo litoke kwa mtu wa juu. Sikutegemea litoke kwako. Na sasa nina mabango stoo nzima sijui niyafanyie nini." Akaondoka haraka kabla hajasema kitu cha kujutia.

Video ilifika Kandarpur kabla ya vitumbua kupoa. Niranjan alipiga simu, safari hii hatembei.

"Baba, wamechoma sanamu yako njiapanda. Wameivisha shada la viatu."

"Poleni."

"Sikiliza. Chama kimeshaandaa maneno mawili matatu. Sema maneno yale ni ya mawaziri, wewe hukubaliani nayo, ulilazimishwa na Katiba. Delhi wameridhia. Sema leo, mambo yataisha."

"Gavana hasomi hotuba asubuhi akaikana jioni, mwanangu. Hilo nalo ni Katiba."

"Katiba, Katiba! Sawa, hotuba waliiandika wao. Waliiandika mara moja." Hapo Niranjan akaacha kufoka. "Ile mara ya pili, baba, nani alikuandikia?"

Beura alitazama mkono wake wa kulia. Alikuwa ametafuta jibu la swali hilo tangu ashuke jukwaani. Angeweza kusema ni mazoea, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema ni bibi yake Niranjan, na ingekuwa kweli pia, ila Niranjan hakuwahi kuuona utosi ule, alizaliwa mabomba yameshafika.

"Hakuna," alisema. "Ile ilikuwa yangu."

"Kwa hiyo bwawa ni uchoyo?"

"Bwawa ni bwawa. Watu wetu walikuwa wanakufa, nikalijenga, na nikizaliwa tena nitalijenga tena. Na huku chini kuna mtu anatembea na mtungi kwa sababu yangu. Yote mawili ni kweli, nami sijui kuyasema kwa pamoja."

"Basi," Niranjan alisema. "Umenimaliza." Akakata simu.

Kesho yake magazeti ya Bindhyagarh yaliandika kwamba, kwa maelezo ya mwanawe wa pekee, Mheshimiwa Lokanath Beura ni mzee aliyechoka, kichwa chake hakiko sawa tangu afiwe na mkewe, na familia inaomba wananchi wamwombee badala ya kumhukumu. Subbarao alijaribu kulificha gazeti chini ya mengine. Beura alilitoa, akalisoma lote, hata matangazo ya ndoa. Iliuma kuliko ile sanamu. Hata hivyo alimwelewa kijana: alikuwa anajaribu kuokoa kiti kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na mwanasiasa aliyemlea alikuwa ni yeye mwenyewe. Chakula cha mchana hakukigusa.

Malati alikaa siku kadhaa bila kupiga. Yeye ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi, mjane mwenye wajukuu wengi na ulimi mkali, na ndiye aliyekuwa amekipaka chokaa chumba cha kaka yake akimngojea. Simu yake ilipoita, Beura aliipokea akiwa amesimama.

"Uko hai?" Malati aliuliza.

"Niko."

"Kichwa kinaendeleaje? Maana tumesoma kwamba kimeharibika."

"Kiko palepale kilipokuwa."

"Basi hakijawahi kuwa kizima." Akavuta pumzi. "Jiwe lako la bwawani wamelipaka lami."

"Lote?"

"Jina tu. Tarehe wameiacha."

Beura akataka kucheka, ikashindikana. "Malati, wewe umeiona ile video?"

"Wajukuu walinionyesha. Nimeiona, ikarudiwa, nikaiona tena. Nililia, kaka. Ulivyosema mtungi, nilimwona mama hivi, yuko mlangoni anaomba apokelewe mzigo. Nililia mpaka mkwe wangu akaja kuuliza nani amekufa." Akapenga kamasi. "Halafu nikakutukana. Nikakutukana matusi ambayo sijayasema tangu tukiwa wadogo. Miwa hii yote ni maji yako. Chokaa ya ukutani kwako ni maji yako. Huwezi kutupa sisi mto halafu ukatuita walafi mbele ya watu."

"Sikuwaita ninyi."

"Utawaeleza hivyo mmoja mmoja njiani?"

Malati alikuwa sahihi. Beura akauliza kitu ambacho ndicho pekee alichotaka kuuliza tangu siku ile Subbarao alipoingia na hotuba. "Nije au nisije?"

Simuni, kwa mbali, ng'ombe alilia, na mtu alikuwa anasukuma pampu ya mkono ambayo ilihitaji mafuta.

"Njoo," Malati alisema hatimaye. "Hapa ni kwenu. Lakini njoo usiku. Wajukuu watakungojea nyuma kwenye mashamba, uingie kimya kimya, baada ya mwaka mmoja watu watakuwa wamepata wa kumtukana mwingine."

Beura hakuwahi kuingia Kandarpur usiku. Alijaribu kujiona akipita katikati ya miwa yake ameshikwa mkono, kama mtu aliyeiba.

"Nitakuja mchana," alisema. "Kwa barabara ya sokoni."

"Utapigwa mawe."

"Nitapigwa."

"Mzee mzima, hata kukimbia huwezi!"

"Sitakimbia. Na wewe, siku hiyo, utakuwa upande gani?"

"Mimi?" Malati alisema kwa hasira. "Mimi nitakuwa mlangoni na maji ya moto. Nani mwingine hapa atakuosha hiyo damu?"